Huduma za Nyuma Katika Programu za Kuchunga Mtandao: Kuziwasha, Kuzipanga na Kujua Kwamba Kweli Zinafanya Kazi



Mada niliyopewa inahusu huduma za nyuma, yaani zile programu zinazoanza pale seva inapowaka na kuendelea na kazi bila dirisha wala mtu wa kuzibonyeza. Katika mfumo wa kuchunga mtandao, karibu kila tunachokitegemea kinafanywa na huduma hizo. Ukurasa wenye ramani na grafu anaouona mkurugenzi ni sura tu. Katika mifumo mingi ukiuzima ukurasa huo, vipimo vinaendelea kuchukuliwa kama kawaida. Ukizima huduma za nyuma, ukurasa utafunguka vizuri na kukuonyesha mambo ya jana.

Ninachotaka tukubaliane leo ni hiki: huduma kuwa hai ni jambo moja, na huduma kufanya kazi ni jambo jingine. Usimamizi wetu mwingi unaishia kwenye lile la kwanza.

Tuanze na Zabbix, programu iliyoanzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia na kutolewa hadharani mara ya kwanza mwaka 2001. Fundi akisema Zabbix inafanya kazi, bado hajatuambia la kutosha. Ndani ya seva yake mna michakato ya kuviuliza vifaa, ya kupiga ping, ya kupokea data inayoletwa, ya kuandika kwenye hifadhidata, ya kutuma tahadhari na ya kufuta data kongwe. OpenNMS, iliyoandikwa kwa Java, ina mgawanyo wa namna hiyo hiyo na imevipa vipande vyake majina: Pollerd huuliza kama huduma iko hewani, Collectd hukusanya takwimu, Trapd hupokea taarifa ambazo vifaa vyenyewe vinazituma, Notifd huwaarifu watu. Collectd ikikwama, grafu zinakatika huku Pollerd ikiendelea kutangaza kwamba ruta iko salama. Notifd ikikwama, hitilafu inaonekana kwenye ukurasa lakini hakuna simu inayolia usiku. Kwa hiyo kabla ya kuandika utaratibu wowote wa usimamizi, kaa na daftari uandike kila kipande kinafanya nini, na kikisimama kitapotea nini.

Swali la kitakachopotea lina uzito kuliko linavyoonekana. Kama unapima kila dakika 5, huduma inayouliza vifaa ikisimama dakika kumi umepoteza vipimo viwili. Ikirudi, itauliza tena na kuikuta swichi iliyokufa ikiwa bado imekufa. Huduma inayopokea taarifa za SNMP haina nafasi hiyo. Taarifa hizo hupita kwa UDP kwenye mlango namba 162, na zile za kawaida hazisubiri jibu la kuthibitisha kupokewa. Swichi ikituma taarifa wakati mpokeaji amelala, imetuma mara moja na basi. Aina ya inform, iliyokuja na toleo la pili la SNMP, inasubiri jibu na kurudia isipopata, nami nashauri kuitumia kwa vifaa vinavyoiweza. Hata hivyo mpokeaji apewe daraja la juu katika orodha yenu. Na mhakikishe mlango huo una mwenyewe mmoja: ukiwa na snmptrapd na programu nyingine kwenye seva moja, zote zikiutaka 162, itakayowahi kuamka ndiyo itakayoupata.

Sasa nije kwenye hali ambayo mafundi wa ukanda wetu tunakutana nayo zaidi ya wenzetu wa nchi zenye umeme wa uhakika. Umeme umekatika, betri ya UPS imekwisha kabla jenereta haijawashwa, seva imezimika ghafla. Baada ya saa moja umeme umerudi. Seva inaamka, na huduma zote zinataka kuanza kwa wakati mmoja. Hifadhidata haijazimwa kwa heshima yake, hivyo inaanza kwa kujirekebisha: inasoma kumbukumbu za miamala, inarudisha iliyokamilika na kufuta iliyokatikia njiani. Kwenye diski ya zamani yenye data nyingi, kazi hiyo inachukua muda.

Zabbix ikiikuta hifadhidata katika hali hiyo, haifi. Inaandika kwenye faili la logi kwamba hifadhidata haipatikani na itajaribu tena baada ya sekunde 10, kisha inasubiri. Fundi anayeandika systemctl status katika kipindi hicho ataona neno active kwa rangi ya kijani, na hakika mchakato upo, una namba yake, unatumia kumbukumbu. Ila hakuna ruta hata moja iliyoulizwa. Hifadhidata ikishindwa kabisa kuamka, kwa mfano kwa sababu diski imejaa, hali hiyo ya kijani itakaa hadi mtu afungue logi. Ndiyo maana nasema jibu la systemctl ni mwanzo wa uchunguzi. Hatua inayofuata ni journalctl na logi ya programu yenyewe, na ya tatu ni kuangalia umri wa data.

Zipo programu zenye tabia tofauti: zikikosa hifadhidata zinakufa papo hapo. Hapa wengi tunaongeza mstari wa Restart kwenye faili la huduma na kuamini tumemaliza. Tazameni hesabu yake. Kwa mipangilio ya kawaida ya systemd, huduma iliyokufa huamshwa tena baada ya milisekunde 100, na ikiamshwa mara 5 ndani ya sekunde 10 bila kutulia, systemd inakata tamaa na kuiacha. Programu inayokufa haraka itamaliza nafasi zake zote wakati hifadhidata bado inasoma kumbukumbu zake. Dakika tatu baadaye hifadhidata iko tayari, lakini hakuna wa kuihitaji. Huduma imeachwa hadi mtu aje kwa mkono wake. Dawa yake ni ndogo: weka RestartSec iwe sekunde 30, ili majaribio yasijazane ndani ya kile kipindi cha sekunde 10. Na mabadiliko hayo yafanyike kwa systemctl edit, yakae kwenye faili lake la pembeni, ili toleo jipya la programu lisiyafute.

Wengine wanaweka mstari wa After na kudhani wameeleza utegemezi. After inapanga foleni peke yake: nani aanze kabla ya nani. Haisemi kwamba wa pili asianze kama wa kwanza ameshindwa. Hiyo ni kazi ya Requires, na mara nyingi mnahitaji zote mbili.

Kuna utegemezi mwingine tunaousahau, nao ni saa. Seva kuukuu ambayo betri ndogo ya ubao wake imekufa huamka baada ya umeme kukatika ikiwa na tarehe ya ajabu. Mifumo inayohifadhi grafu kwa RRDtool, ikiwemo LibreNMS, huumia sana hapa. RRDtool haikubali kipimo chenye wakati ulio sawa na wa kipimo cha mwisho au ulio nyuma yake. Saa ikisogea mbele siku mbili, vipimo vichache vikaandikwa, kisha ikarekebishwa, faili la RRDtool litakataa kila kipimo hadi siku hizo mbili zipite. Huduma ya kukusanya iko hai, vifaa vinajibu, na grafu ni nyeupe. Basi wekeni chrony, washeni chrony-wait, na huduma zenu za vipimo zipangwe baada ya time-sync.target.

Kuhusu uwezo wa seva, nitagusa jambo moja ambalo naona halifundishwi vya kutosha. Ukiwa na vifaa 300 na kila kimoja kinachukua sekunde 20 kuulizwa, hiyo ni kazi ya sekunde 6,000. Ukitaka iishe ndani ya dakika 5, yaani sekunde 300, unahitaji michakato isiyopungua 20 ikienda sambamba. Hiyo ni siku ya amani. Siku njia ya kwenda tawini imekatika, kila kifaa cha upande ule hakijibu, na mchakato unaokiuliza unakaa ukisubiri muda wa mwisho upite. Michakato michache inamezwa na vifaa vilivyokufa, na vile vilivyo hai vinacheleweshwa. Mfumo unaelemewa siku ile ile unayouhitaji. Zabbix ilitenga michakato maalumu kwa vifaa visivyofikika kwa sababu hiyo, na kiolezo chake cha kujipima kinatoa tahadhari aina fulani ya michakato inaposhughulika zaidi ya asilimia 75 ya muda. Msikizime kiolezo hicho kwa kuwa kinasumbua. Ongezeni michakato, na mkumbuke kila mmoja unakula kumbukumbu na nafasi ya kuunganishwa na hifadhidata.

Narudi kwenye umri wa data, maana hapa ndipo penye kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Usiulize kama huduma iko hai. Uliza data mpya kabisa ina umri gani. Katika LibreNMS, jedwali la devices lina safu ya last_polled. Katika Zabbix, majedwali ya history yana safu ya clock. Kwa faili la RRD, amri ya rrdtool last inatosha. Kama unapima kila dakika 5 na data mpya kabisa ina dakika 15, kuna kitu kimekufa au kimekwama, hata kama kila neno kwenye skrini ni la kijani. Kipimo hiki kinakamata hifadhidata iliyolala, saa iliyopotea, diski iliyojaa na michakato iliyoelemewa, vyote kwa swali moja.

Swali hilo liulizwe na mashine nyingine. Kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye hati fupi ya cron inatosha, ila iwe kwenye umeme mwingine na ikiwezekana kwenye jengo lingine. Na tahadhari yake isitegemee njia ile ile inayochungwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani kadhaa ilizorota vibaya. Taasisi ambayo tahadhari zake zote hupitia barua pepe iliyo kwenye seva za ng'ambo, siku kama ile mfumo wake unaona kila kitu na hauna njia ya kusema. Modemu ya USB yenye laini ya simu haihitaji waya wa baharini kumfikishia fundi wa Dodoma SMS kutoka Dodoma.

Lakini modemu nayo inaendeshwa na huduma ya nyuma, na yale yale yanajirudia. Tuseme mnatumia gammu-smsd. Laini ikiishiwa salio, au ikifungiwa kwa kutosajiliwa vizuri, huduma inabaki hai. Ujumbe unajaribiwa, unashindwa, unatupwa kwenye folda ya makosa ambayo hakuna anayeifungua. Njia niliyoiona ikifaa ni kutuma ujumbe wa majaribio kila siku saa mbili asubuhi kwenda kwa fundi wa zamu, naye aandike kwenye daftari la zamu kwamba umefika. Siku mstari huo ukikosekana daftarini, msimamizi anauliza. Bila daftari, ujumbe usiofika hautambuliki na mtu yeyote.

Mchana, katika kipindi cha vitendo, kila kundi litapewa seva yake. Msiguse huduma ya kuchunga mtandao. Simamisheni hifadhidata peke yake, kisha andikeni mambo mawili: systemctl inasema nini kuhusu Zabbix, na dakika ngapi zimepita hadi SMS kuingia kwenye simu ya kundi. Baada ya hapo iwasheni hifadhidata, muone kama vipimo vinarudi bila ninyi kugusa chochote kingine.