Waya Kwanza, Programu Baadaye



Vijana wetu wa kompyuta wameshikilia rai moja: volti inayosomwa na mikrokontrola ikirukaruka, soma mara mia, jumlisha, gawanya, kelele zitafutana zenyewe. Sitarudia jinsi volti inavyogeuzwa namba. Mnajua kwamba Arduino Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1024, kila ngazi karibu milivolti 4.9.

Rai hiyo ina haki yake. Kelele ikiwa ya kubahatisha, wastani wa vipimo 64 huipunguza mara 8. Lakini nani katuthibitishia kuwa kelele zetu ni za kubahatisha?

Kebo ya chini ya bahari inakiletea kisiwa chetu umeme kutoka Tanga tangu 2010, lakini betri za sola hazijahama majumbani. Katika nyumba moja hapa Konde nilikuta Arduino ikipima betri ya volti 12.6 kupitia rezista mbili zinazoigawa kwa nne. Inveta ikizimwa, namba hutulia kwenye 645. Ikiwashwa, namba hushuka na kucheza. Waya hasi wa Arduino ulifungwa kwenye inveta badala ya betri. Inveta ikivuta wastani wa ampea 25 katika waya wa miliomu 4, volti 0.1 hupotea njiani. Kwa Arduino, zikishagawanywa kwa nne, hizo ni ngazi tano. Mvuto huo hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, ila daima upande mmoja. Basi piga wastani upendavyo: waya huo peke yake utakupa 640, hata usome mara milioni. Mzani mbovu hauponi kwa kupimia gunia lilelile la karafuu mara mia. Tukauhamishia waya kwenye nguzo ya betri. Kushuka kulikobaki kukawa kwa betri yenyewe.

Wako wanaosingizia joto la kisiwa. Hao nawapeleka kwa mwanafizikia J. B. Johnson, ambaye makala yake ya 1928 siachi kuirudia. Mtu huyu alipima kelele za waya, za kaboni, hata za maji ya chumvi, akaona kitu ni kipi si hoja; hoja ni ukinzani na joto. Mwenzake Nyquist akatoa hesabu ya kelele hizo. Tuifanye: rezista ya omu 10,000 katika joto letu, kwa upana wa kilohezi 10, hutoa maikrovolti 1.3 hivi. Ngazi moja ya Arduino ni zaidi ya mara 3,000 ya hapo. Joto halina kesi.

Kwa hiyo, mpangilio wangu ni huu. Waya hasi uanzie kwenye betri. Ukinzani wa chanzo usizidi omu 10,000, kama mtengenezaji wa ATmega328P anavyoshauri. Kapasita ya nanofaradi 100 ikae jirani na pini. Hapo ndipo wastani uruhusiwe, tena kwa mizunguko kamili ya milisekunde 20, ili mngurumo wa hezi 50 ujifute. Nimewasikiliza wanaoanzia kwenye programu, na nimewapa haki yao. Lakini mwanafunzi wangu atakayeniletea wastani mzuri nitamwomba kwanza anioneshe waya wake hasi umefungwa wapi.