Askari wa Deraya na Mtoto Anayetambaa

Leo nimekuja na kitu mkononi. Ni askari wa plastiki, urefu wake kama kiganja changu, amevaa deraya mwili mzima. Ni wale wanaouzwa sokoni na kando ya barabara, ambao mtoto akimwona hukubali kupita bila kulia.

Huyu nilimnunulia mpwa wangu wa miaka 6. Kama kitu cha kuchezea, namsifu. Mikono inazunguka, magoti yanakunjika, na rangi haikutoka nilipomsugua kwa kitambaa chenye maji. Lakini kinachompendeza mtoto zaidi ni vikorombwezo vyake: helmeti, ngao, upanga, vifuniko viwili vya mabega na kombora la mgongoni. Ukibonyeza kipande kinalia "ta!" na kushika. Ukikivuta, kinabanduka. Jumla vipande 6.

Sasa, nyumbani kwao kuna dada mdogo wa miezi 10 anayetambaa. Siku ya pili tu tulihesabu vipande 5.

Mama, kwenye boksi la kitu kama hiki utaona mchoro wa uso wa mtoto uliopigwa mstari, na tarakimu 0-3. Wengi wetu tunadhani maana yake ni kwamba mtoto bado hajaelewa mchezo, nasi tunajibu, "Wangu ni mwerevu." Werevu hauhusiki hapa. Maana yake ni kwamba vipande vyaweza kumsakama kooni. Njia ya pumzi ya mtoto wa mwaka mmoja ni nyembamba karibu kama mrija wa soda, kikohozi chake hakina nguvu, na kila anachookota hukipeleka mdomoni. Helmeti ndiyo iliyonitisha zaidi. Ni ndogo, ni ya duara, tena ina shimo ndani kama kikombe, kwa hiyo inaweza kuziba koo kama kizibo.

Haya si mambo mapya. Marekani, mwaka 1978, vilitoka vyombo vya anga vya kuchezea vya Battlestar Galactica vilivyofyatua makombora madogo. Mtoto wa miaka 4 alifariki baada ya kombora kumwingia kooni. Wakati huo kampuni ya Kenner ilikuwa imewaahidi watoto askari mwenye deraya, Boba Fett wa filamu ya Star Wars, mwenye kombora la kufyatuka mgongoni. Alipowafikia watoto mwaka 1979, kombora lilikuwa limegandishwa lisitoke, kwa ajili ya usalama. Nadhani watoto walinuna, lakini ulikuwa uamuzi mzuri.

Tangu 1980 wakaguzi wa huko hutumia kikopo chenye upana wa milimita 31.7. Kipande kinachoingia chote ndani hakiruhusiwi kwenye kitu cha mtoto wa chini ya miaka 3. Wewe tumia kile kiini cha kadibodi kinachobaki karatasi ya choo ikiisha. Ni kipana kidogo zaidi, na hilo ni afadhali. Nilipompima askari wetu, ngao pekee ndiyo iliyokwama. Vingine vyote vilipita.

Je, ikitokea? Mtoto akikohoa kwa nguvu au kulia, mwache akohoe, na ukae naye karibu. Hatari ni yule aliyenyamaza: hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Usimtie kidole kooni ukitafuta kipande usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kifua, umshike taya. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha mkono. Kisha mgeuze, umsukume mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, kwa kisigino cha mkono mmoja. Rudia mpaka kitoke. Aliyezidi mwaka mmoja, mwinamishe umpige mgongoni mara 5, kisha simama nyuma yake, ukunje ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu mara 5. Tumbo la mtoto mchanga usilibonyeze hivyo. Akizimia, mlaze mahali pagumu, uanze kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku jirani akitafuta gari.

Na hata akipona palepale, mpeleke hospitali. Kipande kinaweza kushuka kwenye pafu, mtoto akacheza kama kawaida, kisha siku chache baadaye akaanza kukoroma kifuani, watu wakasema ni homa tu.

Yule askari hatukumtupa. Mwenyewe angelia, na hana kosa. Sasa anakaa ndani ya kopo la Blue Band lenye kifuniko, juu ya kabati. Mpwa wangu humchezea mezani, dada yake akiwa amelala au amebebwa, na kabla ya kufunika anahesabu kwa sauti mpaka sita. Kile kifuniko cha bega kilichopotea tulikipata chini ya mkeka, kina alama za meno mawili.