SHERIA ZA MASOMO ZIMETUFIKISHA WAPI?
Maneno tuliyoyasema mbele ya wazazi wa Lushebere

Wandugu wa Lushebere, ninyi wafanyakazi wa migodi ya Rubaya, na ninyi mama mlioacha soko kuja kutusikiliza!

Leo hatusemi habari za viti vya Kinshasa. Tunasema juu ya shule. Kila mzazi hapa amekwisha kulipa feza ya shule, lakini ni wachache walioonyeshwa sheria inayowaomba feza hiyo.

Mwaka 1906 serikali ya Mfalme Leopold, yaani Bula Matari, ilipatana na Papa wa Roma: misioni za Katoliki zipate mashamba, nazo zifundishe watoto. Hapo shule ikawa kazi ya padri, na Leta akakaa kando. Tangu miaka ya 1920 Wabelgiji walitoa feza kusaidia shule hizo, lakini kwa misioni za kwao. Waprotestanti walingoja mpaka 1948. Shule za Leta zisizo za dini, kwa watoto weusi, zilikuja 1954, Bwana Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni, nazo zilianza mijini, si katika milima yetu. Tulifundishwa kusoma, kuandika na kupiga randa, hatukatai. Lakini tarehe 30 Juni 1960 Wakongo waliomaliza masomo ya juu kabisa, katika nchi nzima, hawakufika hata 50. Kumpata karani walikuwa na haraka; kumpata daktari, hapana.

Mwishoni mwa 1974 Mobutu aliyanyang'anya makanisa shule zao. Kumbe kuendesha shule si kubadili jina juu ya mlango! Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mapatano ya kuwarudishia uongozi Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: kanisa liongoze, Leta alipe walimu. Kwa hiyo shule nyingi zenye jina la Mtakatifu ni shule za umma, wandugu. Mtu asiwaambie kwamba sheria ya Leta haiwahusu.

Sheria kubwa ya masomo ilitoka 1986. Lakini mshahara wa mwalimu ulikufa pamoja na feza ya nchi, migomo ikafunga madarasa, na kuanzia 1992 na 1993 wazazi walikubali kumlipa mwalimu wenyewe, kwa muda tu. Muda huo ulipita miaka 25.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya primari katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Mwaka 2010 serikali ilianza polepole na madarasa ya chini. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilirudia neno lile lile. Na Septemba 2019 ndipo amri ilipofika katika nchi nzima. Watoto walijaa mpaka mabenchi hayakutosha. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini mwalimu asiye na namba ya Leta? Feza ya wazazi ilipokatwa, yeye alibaki mikono mitupu mbele ya watoto themanini. Tumlaumu akiomba maharagwe? Hapana. Tumwombe Leta amwandike na amlipe, kwa sababu bure ya mzazi haiwezi kuwa njaa ya mwalimu. Na huku kwetu Masisi vita vimegeuza madarasa kuwa malazi ya wakimbizi mara nyingi mno.

Kuna jambo jingine. Sheria ya 2014 inahesabu masomo ya msingi kuwa miaka 8. Bure iliyokuja 2019 iliishia darasa la sita. Mtoto wa miaka 12 anafika mlango wa la saba, anaombwa minervali, baba hana. Mgodi hauombi minervali. Ninyi wa Rubaya mnawajua watoto hao, mnapandisha nao mifuko kila asubuhi.

Basi kila kamati ya wazazi ituandikie, shule kwa shule, hesabu ya walimu wasio na namba, na ya watoto waliomaliza la sita bila kuingia la saba. Makaratasi yako mezani kwa katibu.