MALI IKISHAUZWA, NA MNUNUZI AKARUDI

(Maneno ya Katibu wa Chama kwa wanaushirika, ghalani, siku ya kupima alizeti)



Tumeomba nafasi hii kabla mzani haujaanza, maana msimu wa alizeti ndio msimu wa kuuziana vitu vilivyotumika. Fedha ikiingia, huyu anauza baiskeli ili aongezee anunue pikipiki, yule anauza cherehani, mwingine redio. Si vibaya. Ubaya huja wiki ya pili, mnunuzi anaporudi mlangoni na kitu chake begani.

Tuanze na letu wenyewe, isije ikaonekana tunasema wengine. Mwaka 2019 tulimwuzia kijana mmoja wa hapa hapa baiskeli yetu kwa shilingi 80,000. Fremu ilikwisha katika karibu na shingo, tukaichomelea, tukapaka rangi nyeusi juu yake. Kijana aliuliza, "Baba mdogo, haina tatizo?" Tukamjibu, "Panda mwenyewe uone." Ndugu, hilo halikuwa jibu. Siku ya kumi na moja anateremka kilima na gunia la mahindi, fremu ikaachia pale pale penye rangi. Alivunjika jino, ingeweza kuwa shingo. Alipokuja kulalamika tukamtolea lile neno la madukani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Basi akaacha kutuamkia. Usiku mama watoto akatuuliza, "Ile rangi ilikuwa ya nini?" Tukakosa la kusema. Kulipokucha tulikwenda kwao na mashahidi wawili, tukachukua baiskeli yetu, tukamrudishia 80,000 kwa mafungu mawili, na gharama ya matibabu juu.

Baadaye tulielezwa sheria. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inasema mtu akificha kasoro kwa makusudi ili mwenzake akubali, huo ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuyavunja mapatano. Iko na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214. Hiyo kwa habari ya ubora inambana zaidi mfanyabiashara. Mtu anayeuza kitu chake mwenyewe habanwi sana, mnunuzi ndiye akague. Wapo waliofurahi kusikia hivyo. Lakini kutobanwa huko hakufuniki rangi.

Wala si kila mlalamikaji ana haki. Hapa kijijini cherehani ilirudishwa, eti mshono unaruka, nusura watu washikane mashati. Fundi akaitwa, kumbe sindano imewekwa kinyume! Hakuna shilingi iliyorudi. Na tairi kuukuu uliloliona kwa macho yako likipasuka, hilo ni lako.

Kwa hiyo mnunuzi akija, usimjibu ukiwa umesimama mlangoni. Mpe kiti. Kitazameni kitu wote wawili kabla mtu hajakifungua, kisha mwite fundi mnayekubaliana. Halafu jiulize: siku ile aliuliza nini, nami nilijibu nini? Kama ulificha, rudisha. Kama kasoro ilikuwamo na wewe hukuijua, sheria huenda isikushike, lakini sisi tunaona kugawana ujira wa fundi ni haki, maana kesho mtakutana kisimani.

Na tuandikiane. Karatasi moja ya daftari inatosha: majina, bei, tarehe, mashahidi, na kasoro zote. Andika hivi: "Breki ya nyuma haishiki. Mnunuzi ameona." Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, tunajua mtu anavyoona haya kusema hawezi kuandika. Asione haya, aje ofisini tumwandikie, aweke dole gumba. Wenye pikipiki, kadi ibadilishwe jina, la sivyo makosa ya barabarani yatakufuata wewe uliyekwisha uza.

Mwisho, wale ndugu wawili wenye ugomvi wa bomba la kupulizia dawa, ambao tangu juzi hawakai benchi moja: tunawaomba Jumamosi saa nne, hapa ghalani, na bomba lenyewe. Litiwe maji, si dawa. Na aliye nalo asilifungue kwanza.