Hotuba juu ya Vyumba vya Kupangisha na Rehani ya Shamba



Wengi wetu twatamani kujenga vyumba vya wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Meru pale Nchiru, au kile cha Embu. Jambo hilo ni jema. Lakini fedha zatoka wapi? Mara nyingi hati ya shamba hupelekwa benki iwe rehani. Tukumbuke Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Korona: wanafunzi walirudi makwao, vyumba vikawa vitupu, na deni halikwenda likizo. Basi akopaye na ahesabu kodi ya miezi 8 tu kwa mwaka, kisha aondoe ushuru wa asilimia 7.5 uliowekwa Januari 2024, ambao hutozwa juu ya kodi yote, si juu ya faida.

Sheria ya Ardhi ya 2012 haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani pasipo idhini ya mke au mume. (Sisi makarani twajua sahihi zilizotiwa gizani.) Deni likikwama, benki hutoa ilani isiyopungua miezi 3, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Barua hizo zisifichwe chini ya godoro. Ziletwe kwetu tuzisome pamoja siku ile ile zifikapo.