BOILA: NGUVU YA MVUKE NA HADHARI YAKE



Kila mtu amepata kuona kifuniko cha sufuria kikirukaruka maji yachemkapo. Kinachokiinua ni mvuke, kwani lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Boila ni chombo cha chuma kinene kinachoufungia mvuke huo, usipate kutoka ila kwa njia uliyowekewa.

Watu wa Changamwe waliiona kazi hiyo kwa macho. Tangu mwaka 1955 reli ililetewa injini 34 za Garratt za aina ya 59, zilizotengenezwa Manchester, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi. Moto wa mafuta mazito uliwaka tanurini. Hewa yake ya moto ikapita katika mabomba yaliyozungukwa na maji. Mvuke ukasukuma pistoni, na pistoni zikazungusha magurudumu. Ndivyo mizigo ya bandarini ilivyopandishwa hata Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Injini hizo zimekwisha kustaafu, lakini boila zingali kazini: hospitalini mvuke huua vijidudu katika vyombo vya upasuaji, na viwandani hukausha chai.

Basi ni nini cha kuogopwa? Kwanza, upungufu wa maji. Maji ndiyo yanayoizuia paa ya tanuri isiungue. Yakishuka chini yake, chuma hulegea kwa moto, na mvuke ukaipasua. Kwa hiyo mtunza boila hutazama kila mara bomba la kioo linaloonyesha kimo cha maji.

Pili, ukoko. Anayechemsha maji ya kisima Likoni au Kisauni huona utando mweupe ndani ya birika: ni chokaa ya mawe ya pwani. Ndani ya boila ukoko huo huzuia joto lisifike majini, na chuma huungua. Maji hayana budi kutiwa dawa, na boila kusafishwa.

Tatu, vali ya usalama, ambayo hufunguka yenyewe mvuke uzidipo. Asithubutu mtu kuifunga wala kuitundikia uzito ili apate nguvu zaidi. Mlio wake ni onyo; anayeunyamazisha anahatarisha maisha yake na ya wenzake wote.