Haini ni Nani?



Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui, mjini Unguja. Wengi walitiwa kizuizini, miongoni mwao mwandishi Adam Shafi. Mwaka 2003 ilitoka riwaya yake, Haini, inayomwonyesha Hamza, mtuhumiwa, akiteswa kifungoni. Msomaji hubaki na swali zito: nani ana haki ya kumwita mtu haini kabla mahakama haijasema?

Swali hilo haliwahusu wakubwa peke yao. Dola hutumia mkono wa karani aandikaye jina na wa askari afungaye mlango. Basi mwalimu awafundishe vijana uzito wa neno hilo, na mtumishi alipime kabla ya kutia sahihi.